Jiwe Lililopakwa Chokaa

Sijawahi kupenda mawe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia nilifanya kazi ya mambo ya kale miaka yote ile, hudhani nilikuwa nalala nikiota vigae na mafuvu. Mimi nilikuwa mchoraji. Nilisomea kuchora ramani za nyumba, nikapangiwa idara ambayo haikuwa na nyumba hata moja ya kujenga, nikaenda, maana enzi zile ulikwenda ulikopangiwa. Nikachora vipande vya vyungu, nikachora kuta zilizoanguka, nikachora meno ya watu waliokufa zamani ambazo hakuna anayezijua. Mgongo huu unaonisumbua leo uliharibikia huko, na daktari anaponiuliza ni kazi gani iliyoniinamisha hivyo, sijui hata nianzie wapi kumweleza.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa miaka ile ya mageuzi, mashirika ya umma yanauzwa na watumishi wanapunguzwa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi. Sabuni ambayo mama yangu aliipangia foleni tangu alfajiri sasa ilijaza rafu nzima, ya kila rangi, na sisi tulipita mbele yake tukiitazama tu, kwa kuwa mshahara ulikuwa unakuja pale unapojisikia kuja. Enzi ya kuitana ndugu ilikuwa inafifia, kila aliyefunga tai alikuwa mheshimiwa. Ofisini kwetu tulikuwa na gari moja, limekaa juu ya matofali. Kwa hiyo mimi na mkubwa wangu wa kazi, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye barua ya kupunguzwa ilikuwa imeshamfikia na hii ilikuwa safari yake ya mwisho, tulipanda basi la Iringa kama abiria wengine, tukashuka Mikumi na masanduku yetu.

Mikumi tulikwama. Hapakuwa na gari la kwenda Kilosa siku ile, wala iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi la mgahawa kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakitupita na kutuachia moshi kwenye chai. Mkubwa wangu alikuwa mtu mrefu, mpole, na alikuwa na tabia ya kufuta miwani yake kila alipoulizwa swali asilotaka kulijibu. Nikamuuliza kama kweli hilo jiwe tunaloliendea lipo. Akafuta miwani.

"Watu wanasema lipo," akanijibu. "Na mimi nimechoka kuambiwa na watu, nataka nikalione."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mbele kidogo ya Chanzuru kulikuwa na shamba la mkonge ambalo serikali ilikuwa inaliuza. Kwenye kona moja ya shamba hilo, palisemwa, kuna jiwe lililosimamishwa na watu wa kale, tena lina alama za kuchonga. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyelipigia kelele wilayani. Sisi tulikuwa tumetumwa kwenda kulikagua, kulipima na kulichora. Alama zikionekana nami nikaweza kuzichora, mkubwa wangu angependekeza kona ile ikatwe, isiuzwe. Alama zisipoonekana, jiwe ni jiwe tu, na mnunuzi angepeleka trekta lake popote anapotaka. Yote yalisimama juu ya penseli yangu, na mimi nilikuwa na njaa, na mgongo ulishaanza kuuma.

Tulifika kwa lori la magunia ya saruji, weupe kuliko mizigo yenyewe. Mwenyekiti alitupokea kwa heshima zote, akatushika mikono miwili, akamwita mkubwa wangu mheshimiwa kila baada ya neno la tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, shati limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono inakata. Akasema jiwe si mbali. Kila mtu wa wilaya ile alituambia kila kitu si mbali, na miguu yetu ilishaacha kuwaamini.

Tulipoanza kupanda kuelekea shambani niliona kitu ambacho hakikunipendeza. Njia ile ya watu wa kulima ilikuwa imepangwa mawe madogo kushoto na kulia, na yote yamepakwa chokaa. Mtu aliyekulia nchi hii haelezwi maana yake. Mgeni mkubwa anakuja. Shuleni tuliyapaka sana mawe hayo, tukapaka na miti mpaka usawa wa kiuno, Mwenge unakuja, mkuu wa wilaya anakuja, mkaguzi anakuja. Nikamtazama mkubwa wangu. Alikuwa amesimama katikati ya njia, anafuta miwani.

Kisha tukaliona. Lilisimama peke yake katikati ya mahindi, refu kumpita mwanamume, pana chini, jembamba juu, limelala kidogo upande mmoja. Na lilikuwa jeupe pee, kuanzia unyayoni hadi utosini.

"Tumelipendezesha kidogo," mwenyekiti akasema.

Mkubwa wangu akakaa chini, palepale kwenye matuta. Mimi nilicheka. Nilicheka kicheko kile kinachomtoka mtu aliyesafiri siku nyingi kwa ajili ya kitu kimoja, na kicheko kilipokwisha nilitaka kulia. Mkubwa wangu akauliza kwa upole alama ziko wapi.

"Zimo humohumo ndani, mheshimiwa," mwenyekiti akajibu, akigonga chokaa kwa kiganja. "Tumepaka mara mbili ili ishike. Ningewaletaje wageni wa serikali kwenye jiwe lenye mavi ya ndege?"

Angekuwa mpumbavu tungemfokea, lakini alikuwa amefanya kile ambacho sisi wenyewe tuliifundisha nchi nzima kufanya. Chokaa ilikuwa imebaki stoo tangu Mwenge ulipopita, na yeye aliitunza kwa ajili ya siku ya maana. Siku ya maana ilikuwa sisi. Mkubwa wangu akainuka, akajipangusa suruali, akasema, "Ni kweli mwenyekiti, jiwe lilikuwa chafu," na mimi nilimpenda kwa maneno yale kuliko kwa jambo lolote alilowahi kunifundisha.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa amesimama pembeni, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, akasogea. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akaonyesha mikono yake. Chokaa ilikuwa bado imeganda kwenye kucha.

"Aliyepaka ni mimi. Shamba hili nalima mimi. Nimeliharibu?"

Nikamwambia hajaharibu, ila ametuongezea kazi. Hakuridhika. Akanishika mkono, akanipeleka hadi mwisho wa mahindi, mahali palipokuwa na mbaazi, akanionyesha vilima viwili vya udongo vilivyozungushiwa mawe. Baba yake na mama yake. Baba alikuja kwa mkataba kutoka Kigoma, akashushwa na treni stesheni ya Kilosa pamoja na wenzake, manamba, akakata mkonge mpaka akafa. Mama yake alikuja vivyo hivyo kutoka Njombe, kumfuata kaka yake. Yeye alizaliwa kambini, akaolewa kambini, akafiwa na mume kambini. Bei ya mkonge ilipoanguka, shamba liliwaruhusu wafanyakazi kulima pembezoni, wengi wakapewa ng'ambo ya mto, yeye akaomba hapa penye makaburi, akapewa. Kigoma hakuwahi kuiona wala Njombe. Hakuwa na pengine.

"Alama zisipoonekana, mwanangu, trekta litapita juu ya wazazi wangu," akasema. "Hiyo chokaa nitailamba kwa ulimi ikibidi."

Hatukuilamba, ila kazi yake haikuwa mbali na hapo. Chokaa ikishakauka juu ya jiwe nayo inageuka jiwe. Mwenyekiti alileta brashi ya waya, mkubwa wangu akaitoa mkononi mwake kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Akaleta ndimu, akakatazwa na ndimu. Kilichoruhusiwa kilikuwa maji na madodoki. Loweka, subiri, futa taratibu, loweka tena. Maji yalitoka mtoni kwa ndoo kichwani, na mahali palipokuwa na michubuko ya kale dodoki halikuruhusiwa kusugua, bali kugusa tu na kuondoka, kama unavyofuta jicho la mgonjwa.

Siku zile zimechanganyika kichwani mwangu, siwezi kuzitenganisha. Nakumbuka asubuhi zenye umande unaolowesha mpaka mapajani tukipita kwenye mahindi. Nakumbuka mama yule upande mmoja wa jiwe na mimi upande wa pili, hatuonani, tunasikiana tu tukikamua madodoki. Alinisimulia mengi kupitia jiwe lile. Nilimuuliza kama watu waliwahi kulifanyia tambiko. Akasema hapana. Wenyeji waliokuwa na matambiko walisukumwa mbali mkonge ulipoingia, na waliokuja baadaye kila mtu mizimu yake ilibaki kwao. Jiwe lilikuwa halina wenyewe. Baba yake alikuwa akila chakula cha mchana kwenye kivuli chake, basi, hiyo ndiyo historia aliyokuwa nayo.

"Lakini vishimo vilikuwepo," akasema. "Nilikuwa naingiza vidole, nikigombezwa. Viko upande wako huo, chini ya kifua."

Nikavitafuta kwa vidole kabla ya kuviona kwa macho. Na kweli, chini ya utando wa chokaa, kidole kikazama kidogo, kikatoka, kikazama tena. Nilimwita mkubwa wangu kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Alikuja na kioo. Alama zilizochakaa hazionekani jua likiwa usoni mwa jiwe, mwanga lazima upite ubavuni, kwa hiyo mmoja anasimama pembeni na kioo anamulika, mwingine anachora. Mama yule ndiye aliyeshika kioo. Alikishika bila kutikisika, na alipochoka hakusema, alibadilisha mguu tu.

Tulitandika nailoni safi juu ya jiwe, tukaifunga kwa kamba, nikaanza kufuatisha kila nilichokiona kwa kalamu ya wino mzito. Nailoni ilitoka jasho kwa ndani na kunifanya nione ukungu. Safu mbili za vishimo vya duara zilishuka kutoka begani mwa jiwe hadi usawa wa goti. Katikati yake kulikuwa na mstari mrefu unaopinda na kurudi. Karibu na chini palikuwa na kitu ambacho mkubwa wangu alikiita mgongo wa mnyama.

"Mimi naona ufa," nikamwambia.

"Wewe chora, kuona niachie mimi."

"Basi shika kalamu uchore unachokiona."

Akafuta miwani. Mwishowe tulikichora kwa nukta nukta, namna tunavyochora kitu ambacho hatuna hakika nacho, na tukaacha watakaokuja wagombane wenyewe. Kuhusu umri wake hakusema chochote. Nilipombana akasema ni la zamani kuliko kila aliyewahi kulimiliki, na kwamba angekuwa kijana angejifanya anajua zaidi.

Alama zilikuwepo, basi. Hilo ndilo tulilofuata na tulilipata. Siku nilipomaliza mchoro wa upande wa nne nililala chali kwenye kivuli cha jiwe, mgongo unawaka moto, nikasema moyoni kona imepona. Mama yule alituletea ugali na majani ya kunde, akatunawisha mikono mmoja mmoja, na mwenyekiti alikuwepo. Mama alikuwa na furaha, ameng'aa. Akakaa mkekani, akasema, "Kwa hiyo sasa shamba langu limepona."

Mkubwa wangu aliacha kula. Safari hii hata miwani hakuifuta.

"Mama," akasema, "hukuelezwa?"

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama mimi. Kila mmoja wetu, ilionekana, alidhani mwingine ameshamweleza. Mwenyekiti alidhani ni kazi ya wataalamu, wataalamu walidhani ni kazi ya mwenyekiti, na katikati yetu alikaa mwenye shamba, tonge mkononi. Sikumbuki aibu kubwa kama ile. Tulikuwa tumebebeana maji naye siku zote zile.

Mkubwa wangu akamweleza polepole. Kona ikikatwa haikatwi kwa ajili ya kurudishiwa mtu. Inakatwa iwe ya serikali, eneo la kumbukumbu. Ndani ya mpaka huo hapalimwi, hapajengwi, hapachimbwi. Jembe haliingii, liwe la trekta au la mkono.

"Hifadhi," mama akasema.

"Namna ya hifadhi, ndiyo."

"Hifadhi naijua. Mdogo wangu ameolewa Mikumi. Nyani wanakula mahindi yake mchana kweupe, na akimpiga nyani, mwenye kesi ni yeye." Akarudisha tonge kwenye sahani. "Kumbe na mimi nimejipakia chokaa."

Hakuna aliyecheka, ingawa mwenyekiti alijaribu. Mkubwa wangu akaendelea haraka, kama mtu anayetafuta mlango. Akasema ukubwa wa eneo ni juu yake kupendekeza. Angeweza kuweka duara dogo, la jiwe peke yake na hatua chache kulizunguka. Shamba lingebaki upande wa mnunuzi, na mnunuzi alishasema kwenye mkutano wa kijiji kwamba wanaolima pembezoni waendelee kulima mpaka siku atakapopahitaji. Huenda ingekuwa misimu miwili, huenda mitano, nani ajuaye. Wengi wa wanunuzi hawa walikuwa wananunua kwanza na kufikiri baadaye.

"Na makaburi?"

"Yatabaki upande wake."

"Na siku atakapopahitaji?"

Mkubwa wangu akatazama kule penye mbaazi.

"Na duara kubwa?"

"Duara kubwa linayachukua makaburi. Hakuna atakayeyagusa, sheria iko wazi. Lakini linalichukua na shamba lote."

Mama akakusanya sahani, chakula kikiwa hakijaisha, jambo ambalo mwanamke wa kule halifanyi mbele ya wageni. Akaondoka bila kutuaga. Mwenyekiti akasema atakwenda kuzungumza naye. Nikamwambia amwache, tena nilimwambia kwa ukali, na yeye ni mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa na hasira na jiwe. Nikamuuliza mkubwa wangu ni kazi gani hii, tunahangaika kuokoa kitu ambacho hakina mwenyewe, na mwenye kitu tunamfukuza kwa mkono huohuo.

"Sijui," akasema. "Nimeifanya maisha yangu yote, na baada ya wiki mbili sitakuwa naifanya tena. Ungeniuliza zamani, ningekuwa na hotuba."

Jioni ile tulirudi gesti Kilosa mjini. Alikuwa ameamua, aliniambia tulipokuwa tunavua viatu vyenye tope mlangoni, kwamba ataweka duara dogo. Mtu aliye hai anakula, akasema, na wafu hawali. Nikamwambia ndivyo. Wote wawili tuliamini tumepata jambo la huruma la kufanya, na tulilala usingizi mzito wa watu waliochoka.

Asubuhi tulimkuta mama ameshafika. Alikuwa amefagia kulizunguka jiwe. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza kama mgongo umepoa. Mkubwa wangu akatoa futi kamba ile ndefu ya wapima viwanja, akakaa yeye kwenye jiwe na mwanzo wa futi, akanipa mimi ncha niivute hadi atakaponiambia nisimame.

"Nipe mimi," mama akasema.

Nilimwangalia mkubwa wangu. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa.

Alivua ndala, akaanza kutembea katikati ya mahindi yake. Yalikuwa yamekauka nusu, majani yakimkwaruza mikono, na futi ilimfuata nyuma ikipita juu ya matuta. Alikwenda mwendo wa kawaida, wa mtu anayekwenda kuangalia kitu. Hakufika mbali mkubwa wangu akaita, "Hapo panatosha, mama."

Hakusimama.

"Mama! Hapo panatosha. Ukiishia hapo shamba linabaki."

Aliendelea. Nilikuwa nakiona kichwa chake tu juu ya mahindi, kitambaa cheupe, kinazidi kwenda. Akatoka kwenye mahindi, akaingia kwenye mbaazi, akafika makaburini. Nilidhani atasimama pale. Akapita kati ya yale makaburi mawili, akaongeza hatua kadhaa nyuma yake, ndipo akageuka na kuivuta futi mpaka ikakaza.

"Andika hapa," akapaza sauti. "Wasilale mpakani. Nataka wawe ndani kabisa."

Mkubwa wangu akasimama. "Mama, hapo ulipo shamba lote limekwisha."

"Naliona, baba. Mimi ndiye niliyelilima."

Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kuyasahau, na hakuyasema kwa uchungu, aliyasema kama mtu anayeeleza njia. Alisema wazazi wake waliletwa hapa na watu, wakafanyishwa kazi na watu, wakahamishwa kambi hii kwenda kambi ile kila meneja mpya alipoingia. Hawakuwahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kuwaambia ondokeni. Kama serikali ina sheria ya kuwafanya wasiguswe, basi iwaguse kwa sheria hiyo. Yeye atatafuta pa kulima. Amezoea kuomba.

Mkubwa wangu akasoma futi. Akasoma mara mbili. Nami nikachora duara, jiwe katikati, vishimo vyake, mstari wake, mnyama wake wa nukta nukta, na ndani kabisa, mbali na ukingo, vilima viwili. Nilipomaliza nilimkuta mama ameshaanza kuvunja mahindi yaliyokauka. Mkubwa wangu alivua koti lake, akalitundika kwenye ncha ya jiwe lile la kale, kitu ambacho angenifukuzia kazi kama ningekifanya mimi, akaingia mstari wa pili. Tulivunja mahindi wote mpaka jua likawa kali.

Kona ilikatwa. Sikutegemea, kwa jinsi karatasi zilivyokuwa zinapotea enzi zile, lakini ilikatwa. Mkubwa wangu hakuwepo ofisini habari zilipofika, alikuwa ameshakwenda kwao kufuga kuku, na nilimpigia simu ya posta kumwambia. Akaniuliza mama anaishi wapi. Sikujua.

Nilijua miaka mingi baadaye, nilipokuwa narudi kutoka msibani Iringa na basi likaharibika Mikumi. Badala ya kusubiri nikapanda gari la Kilosa. Barabara ilikuwa vilevile. Mkonge ulikuwa umeng'olewa, mnunuzi wa kwanza alishauza kwa wa pili, wa pili alishaondoka, na ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa walikuwa wanalisha palipokuwa na mitambo. Kona yetu ilikuwa pori. Kibao cha serikali kilisimama mbele yake, kinasema ni marufuku kulima, kuchimba na kuingia na zana. Mlinzi alikuwa amelala chini yake. Jiwe halikuonekana kutoka njiani, magugu yalikuwa yamelipita.

Nilipita kichakani kwa kukumbuka, na sikulifuata jiwe. Nilimkuta mama palepale, amezeeka sana, amechuchumaa kati ya vilima viwili vilivyokuwa safi, ilhali kwingine kote ni vichaka. Alikuwa anaishi chumba cha kupanga Chanzuru, akaniambia, na analima vibarua kwa watu anapopata nguvu. Hapa anakuja kila inapokatika mvua. Viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa kung'oa magugu. Nikamuuliza kwa nini hatumii jembe.

"Jembe ninalo," akasema, "nimeliacha kwa mlinzi. Haliruhusiwi humu. Si mlichora nyinyi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisogea kidogo kunipisha. Nikaweka pochi yangu kando, nikapiga magoti upande wa baba yake, mgongo ukilia, nikaanza kung'oa.